Kioo Bado

Alhamisi, 2 Machi 1989
Kambi ya ujenzi

Mdogo wangu Fundi Saa,

Salamu mpe Mama kwanza, zitakazobaki ni zako. Naandika kwa sababu ile siku ya Januari tuliagana stendi kwa kelele, na kila nilichokuambia ulijibu "sawa Dada, sawa Dada" huku macho yako yako kwenye saa ya mtu mwingine. Karatasi haiambiwi sawa. Utaisoma.

Nakukumbusha kwa namba, maana maneno hayakai kichwani mwako.

Ufa wa chumba cha Mama unaanzia kona ya dirisha, unapita nyuma ya kabati na kushuka hadi sakafuni. Nilipoupima, juu ulikuwa milimita mbili, chini nusu. Nikabandika kipande cha kioo kuuvuka, upana wa vidole viwili, ncha zote mbili nimezikamata kwa saruji, pembeni nikaandika kwa msumari 15/1. Kioo hakivutiki kama mpira. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinapasuka. Kikiwa kizima, ukuta umetulia na muda tunao. Kikipasuka, Mama anatoka chumba kile siku hiyohiyo, kwa miguu yake au kwa mgongo wako.

Nimemweleza mwashi mzee, yule aliyenifundisha kazi. Ameniuliza urefu, unene, kina cha msingi, aina ya udongo. Kisha akasema tusichimbe sasa. Udongo uliolowa ukiufungua chini ya ukuta unakimbia. Tungoje siku kumi za jua mfululizo, ndipo tuchimbe chini ya msingi mita moja moja na kujaza zege. Siku kumi. Si tisa.

Najua umeshacheka. Miaka yote nakusema kwa kuahirisha, leo mimi ndiye nasema tungoje. Si kitu kimoja. Anayengoja ukimuuliza anakwambia anangoja nini, na kikifika atafanya nini, na kisipofika atafanya nini. Anayeahirisha anakwambia si leo, basi. Ile saa ya mwalimu mkuu iliyo kwenye droo yako tangu mwaka juzi haingoji kitu. Imelala.

Kazi yako ni moja. Lori la saruji linashuka huko Alhamisi na kupanda huku Jumatatu. Kila Jumatatu mpe dereva mstari mmoja: kioo kikoje. Utasogeza kabati sentimita thelathini, utatazama, utarudisha. Dakika tano. Nimehesabu hata muda wa kujikuna.

Dada yako,
Rula


Jumatatu, 6 Machi 1989
Nyumbani

Dada Rula,

Barua yako nimemsomea Mama. Amecheka hapo pa kujikuna, kisha akasema jina lako walikosea kukuita Rula, wangekuita Hakimu. Nikamkumbusha jina ulijipa mwenyewe, siku ulipopima mkate kwa rula ya shule ili nisipate kipande kikubwa kuliko chako. Akasema hakusahau, na kwamba kipande changu kilikuwa kidogo kweli.

Nyonga yake ni ileile. Asubuhi anafika uani kwa mkongojo, mchana yuko kitandani, anasikiliza redio na kunipangia kazi kupitia ukutani. Mvua imeanza. Dukani nina saa ishirini na tatu mezani, na wenyewe wote wanazitaka leo.

Kioo bado.

Mdogo wako,
Fundi Saa


Alhamisi, 16 Machi 1989
Kambi ya ujenzi

Mdogo wangu,

Mistari miwili nimeipata, ya tarehe sita na ya kumi na tatu. Kioo bado, kioo bado. Hujui ulivyonisaidia. Nilikuwa silali vizuri, sasa nalala saa tano kati ya saba.

Nimepiga hesabu. Kama wiki tisa za kwanza zimepita kikiwa kizima, na wiki mbili kati yake za mvua, ukuta umekaa. Hapa nimechora jedwali ukutani kwa chaki, kila wiki naandika "bado". Fundi bomba wangu ameuliza kama ni deni la mtu. Nimemwambia ni nyumba ya mama yangu.

Nikwambie kitu, maana naona hapo nyumbani hakuna anayekisema. Nyumba ile watu wanaiita nyumba ya Mama, na siku hizi wameanza kuiita kwa Fundi Saa. Hakuna aliyebeba tofali lake hata moja. Chumba kile cha nyuma nilikijenga peke yangu nikiwa na miaka ishirini na sita, vibarua wawili na mvua juu ya kichwa. Kaka zetu wakubwa walikuja kilipoezekwa, wakagonga ukuta kwa kiganja wakasema "si mbaya". Sisemi ili nishukuriwe. Nasema ili ujue nikikwambia tazama kioo, si kelele za mwanamke mwenye rula.

Endelea hivyohivyo.

Rula


Jumatatu, 3 Aprili 1989
Nyumbani

Dada Rula,

Leo naandika zaidi ya mstari kwa sababu dereva amepata pancha na anangoja tairi.

Mvua haijakata siku kumi na mbili. Uani maji yamesimama mpaka kwenye kizingiti cha jiko. Mama hajambo, ila amechoka na dari kumpigia ngoma. Mlango wa chumba chake umevimba kwa unyevu, ukawa haufungi, nimeupiga randa wiki iliyopita nikaondoa kama milimita tatu. Jana umekwama tena, nimeondoa nne. Umesema mimi siku zote naahirisha. Basi ujue mlango wa Mama umeshughulikiwa siku hiyohiyo, mara mbili. Nataka jambo hilo liandikwe kwenye jedwali lako la chaki.

Mama anauliza utakuja lini. Kuna koti anakushonea, anataka kulipima mabegani.

Kioo bado.

Fundi Saa


Alhamisi, 6 Aprili 1989
Kambi ya ujenzi

Mdogo wangu,

Tatu na nne ni saba. Milimita saba kwenye mlango mmoja, wiki moja.

Nisikilize vizuri. Mbao ikivimba kwa unyevu inavimba yote. Mlango unabana juu, chini na ubavuni. Fremu ikipinda, mlango unakwama kwenye kona moja tu, na unaweza kuuranda mpaka ubaki ubao wa kukatia vitunguu, utazidi kukwama, kwa sababu shida haiko kwenye mlango.

Nijibu haya, usiyachanganye:
Mlango unakwama wapi, kona gani?
Ukifunga uzi kwenye nati na kuuning'iniza kutoka juu ya fremu, chini nati iko mbali na fremu kiasi gani?
Kioo.

Sitaki kukutia hofu, ila mimi mwenyewe imeshaniingia. Kama kioo ni kizima na fremu imepinda, kuna kitu sikielewi, na mimi kwenye ukuta sijazoea kutoelewa. Tangu nipokee barua yako kila nikifunga mlango wa stoo hapa nasikiliza unavyolia.

Rula


Jumatatu, 10 Aprili 1989
Nyumbani

Dada,

Unakwama kona ya juu, upande wa kitasa. Hapo tu. Uzi nimeuning'iniza kama ulivyosema. Juu unagusa fremu, chini uko mbali nayo milimita kumi na moja. Nimepima mara tatu kwa kipimo changu cha ufundi saa, kila mara ni ileile. Mama akaniuliza, "Unavua samaki mlangoni?" Nikamwambia ndiyo.

Na kioo, Dada, umeniuliza mara sita nami nimekujibu mara sita. Bado. Ukiandika tena ukitumia neno "nijibu haya" nitadhani mimi ni kibarua wako.

Sasa na mimi nina maswali. Ulisema utakuja Februari. Ukasema Machi ikianza. Sasa ni siku kumi za jua, katika miezi ambayo hata paka wa uani anajua haina jua. Lori linashuka kila wiki, ni mwendo wa saa tisa. Ungeshuka Alhamisi, ungetazama ukuta Ijumaa, ungerudi Jumatatu na lori lilelile. Wiki kumi na mbili, lori kumi na mbili. Mimi nikichelewa naitwa mvivu. Wewe ukichelewa unaitwa mwangalifu. Tofauti naiona ni moja tu: nani ameshika kalamu.

Kama nimekosea, njoo uniambie mbele ya Mama.

Fundi Saa


Alhamisi, 13 Aprili 1989
Kambi ya ujenzi

Mdogo wangu,

Dereva nimemwambia barua hii asiiache dukani. Akupe mkononi, na asimame hapo mpaka uifungue.

Jana jioni nilikuwa naandika "bado" ya sita kwenye ukuta wangu. Chaki ikakatika. Nilipoinama kuiokota nikalitazama neno lile kama sijawahi kuliona, nikakaa chini.

Bado nini?

Mimi nimesoma: bado hakijapasuka. Wiki sita nimesoma hivyo. Wewe uliandika nini? Bado hakijapasuka, au bado hujakitazama?

Usinijibu kwa barua. Jibu liwe lolote, mtoe Mama kwenye chumba kile sasa hivi, ukiwa umesimama na karatasi hii mkononi. Milimita kumi na moja kwenye fremu ya mita mbili si unyevu. Ukuta unaondoka.

Na kuna namba nyingine sijakupa. Hakuna niliyempa.

Msingi wa chumba kile si futi tatu, kama mnavyojua wote. Ni futi moja na nusu.

Nilichimba futi moja na nusu mvua ikajaza mtaro. Nikauchota maji, ukajaa tena. Vibarua wakaondoka saa nane mchana. Nikabaki peke yangu na koleo, na mifuko ya saruji inaanza kulowa. Nikamwaga zege palepale. Nikajiambia kiangazi kikija nitachimba pembeni, nitaongeza. Jioni nikaingia ndani na tope magotini nikamwambia Mama futi tatu. Kesho yake nikamwambia mwashi futi tatu. Watu wakaja kukitazama chumba kile, wakanipa kazi ya kwanza, na ya pili, na zilizofuata. Ukishasema futi tatu mara hamsini, unaanza kuziona.

Viangazi kumi na moja vimepita.

Januari mwashi aliponiuliza kina cha msingi, nikamwambia futi tatu. Akasema ngojeni siku kumi za jua. Umeona? Kungoja kwake kulikuwa sahihi, kwa nyumba nyingine. Kwa nyumba isiyokuwepo. Nilikuandikia kurasa mbili kukufundisha tofauti ya kungoja na kuahirisha, na nilikuwa silingoji jua. Nilikuwa naliogopa shimo, siku tutakapolifungua nawe uko pembeni, na mwashi ameshika kipimo.

Dereva ameniambia kiti kipo. Nimemwambia Jumamosi tunamwaga zege la ghorofa, watu arobaini, siwezi kuondoka. Ni kweli tunamwaga. Siyo sababu.

Mtoe.

Rula


Ijumaa, 14 Aprili 1989, asubuhi
Nyumbani

Dada,

Bado sijakitazama. Ndivyo nilivyoandika, mara zote sita. Nilidhani unaelewa. Nilidhani ukikasirika vya kutosha utakuja ukitazame mwenyewe.

Kabati si zito. Nilikuwa naogopa. Saa ikiletwa kwangu imekufa, nikiifungua najua nitakuta nini, na hata ikiwa mbaya haimwangukii mtu. Kila Jumapili nilishika kabati kwa mikono miwili, Mama akasema "acha, utaniangushia vikombe", nami nikashukuru.

Leo nimelisogeza. Dereva alishika upande wa pili. Kioo ni vipande viwili. Ufa kati yake unaingia kidole changu cha mwisho. Nimevaa ile lenzi ya jicho moja nikatazama ukingo uliopasuka: umejaa vumbi, na buibui ameshafuma kutoka kipande kimoja hadi kingine, utando mzima, haujakatika popote. Hakikupasuka juzi. Mama akasema, "Ah, hicho. Nilikisikia. Tik, mara moja, wakati mvua ndio kwanza imeanza. Nikadhani ni moja ya saa zako."

Tangu Machi mwanzoni, Dada. Labda siku ileile nilipokuandikia bado ya kwanza.

Sasa tatizo hili hapa, na ndiyo maana nimeketi kwenye ngazi ya mlango naandika. Mama hataki kutoka. Nimemwambia ukuta unaanguka. Amesema, "Ukuta gani? Huo? Huo una futi tatu chini. Dada yako alikuja na tope magotini akaniambia mwenyewe. Mimi nimelala hapa miaka kumi na moja sijaogopa hata radi." Nikajaribu kumnyanyua, akashika mbao za kitanda. Dereva akamsihi, Mama akamwambia arudi kwenye usukani wake. Jirani fundi cherehani amefungua chumba chake, ametandika godoro, amekuja kumwita kwa maneno matamu. Hapana. "Mwanangu hajengi kitu kikaniangukia."

Kwa hiyo nakuandikia kukuomba ruhusa nimsomee ile sehemu ya msingi, kwa sababu ni siri yako na siyo


Jumapili, 16 Aprili 1989, alasiri
Kwa fundi cherehani

Naendelea kwenye karatasi ileile, ili uone ilipokatika.

Nilipofika kwenye "siyo" nilisikia chokaa ikimwagika nyuma ya kabati, kama mtu anayemwaga mchele polepole kwenye sinia. Nikaitazama kalamu mkononi. Naomba ruhusa kwa barua itakayoondoka Jumatatu, jibu lirudi Alhamisi. Siku sita. Nilikuwa ninaahirisha tena, hapohapo, ukuta ukiwa nyuma ya mgongo wangu, na kosa hilo nilikuwa nimeshalipatia jina zuri: kutunza siri ya dada.

Niliingia nikamsomea. Sikuruka neno. Nilisoma kwa haraka, na macho kwenye ukuta kuliko kwenye karatasi. Nilipofika futi moja na nusu akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaziachia mbao za kitanda. Kisha akasema, "Nipe viatu."

Tulimtoa kwa kiti, mimi na dereva. Pale mlangoni kiti kilikwama, kwa sababu ya ile kona, ikabidi dereva aung'oe mlango kwa nyundo, na kila pigo nililisikia likizunguka chumba kizima na kurudi. Hesabu ulizonizoesha zilinijia zenyewe: mapigo tisa. Kwa fundi cherehani tulifika kabla ya saa nne.

Hakikuanguka siku ile. Alasiri mvua ikakata. Jumamosi jua likatoka, zuri kabisa, watu wakaanika nguo. Mama akakitazama chumba chake kutoka dirisha la jirani, kimesimama, nami nikaona anaanza kunitazama vibaya. Mimi mwenyewe nilianza kuwaza redio yake iko ndani, na lile koti, na kwamba ningeingia dakika moja tu. Niliweka mguu kizingitini. Niliurudisha. Sijui kilichoniokoa ni akili au ni ule woga wangu wa siku zote. Safari hii vilitaka kitu kimoja.

Leo saa nne na dakika kumi na saba asubuhi kimeanguka. Jua linawaka. Udongo ulipoanza kukauka ukaachia. Siku ya pili ya jua, Dada, na wewe ulitaka kumi. Ukuta umelala kwa ndani, mzima, kama mtu aliyejitupa kitandani, na kitanda kiko chini yake. Upande wa mto ndipo kona ya dirisha ilipotua. Nimekwenda na kipimo. Matofali juu ya mto yana kina cha sentimita sitini na nne. Nimekupimia kwa sababu najua ungeuliza.

Msingi umefunguka wenyewe. Fundi wa mtaani amekuja, akashuka kwenye shimo, akaupima kwa kiganja, akanitazama. Mama alikuwa kwenye kiti chake uani, mbele ya wote, akasema, "Futi moja na nusu. Tunajua." Basi hakuna tena wa kumficha, si yeye, si mimi, si mtaa.

Tangu Ijumaa hajataja jina lako isipokuwa pale. Leo mchana nilimwambia kesho lori linapanda, kama ana neno lolote la kukupelekea. Alikuwa anatazama mikono yake. Lile koti limebaki chini kule, mikono yote miwili ilikuwa bado haijashonwa.

Akasema, "Bado."

Sikumuuliza bado nini. Lori hili likirudi huku Alhamisi, panda, umuulize mwenyewe.

Mdogo wako,
Fundi Saa